Mama Gauni na Flashi Inayosamehe

Mama Gauni aliongea na pini mdomoni. Pini sita au saba, zimepangwa kwenye midomo kama meno ya ziada, na bado aliweza kukusalimia, kukutukana na kukuuliza kama mama yako amerudi sokoni, bila hata moja kuanguka. Nilijaribu nyumbani na vijiti vya kuchokoa meno. Nilifika "haba—" tu, vikamwagika vyote kwenye chai ya mama. Sitaeleza kilichofuata.

Alizaliwa wapi na ukoo gani, sijui. Nilimuuliza mara moja, akasema alizaliwa "zamani, asubuhi," akaendelea kushona. Ninachojua ni kwamba tangu nianze kujua kutembea, chumba chake cha mbele kimekuwa kikitazama barabara hapa Munyaka, mtaa wetu wa Eldoret, mlango wa tatu kutoka kwetu, na magauni ya harusi yakining'inia ndani kama watu waliofika mapema kwenye mkutano. Alikuwa akiyakodisha. Gauni lilitoka Ijumaa likiwa malaika, likarudi Jumatatu likiwa na tope mpaka magotini, keki kwenye lesi, na wakati mwingine shanga thelathini pungufu. Alifua, akashona, akaning'iniza. Jumamosi nyingine, bibi harusi mwingine.

Mwaka huu magoti yake yalikataa. Cherehani ya miguu haina huruma na magoti ya mtu mzima. Akaamua kwamba likizo ya Agosti ikiisha, atafunga duka aende kukaa kwenye shamba lake kule Sugoi, afuge ng'ombe wawili na asimpime mtu kiuno tena mpaka afe. Shida ilikuwa magauni kumi na moja.

Kulikuwa na mtu mmoja aliyekuwa tayari kuyachukua yote kwa mkupuo. Sisi tulimwita Bwana Mapambo. Ana pikapu, mahema na viti vya plastiki vya sherehe, na alitaka magauni ayakate vipande vya kufunika viti na kufunga yale maua makubwa ya kitambaa nyuma ya viti. Fikiria. Mtu ameolewa amevaa hilo gauni, amelia nalo, halafu miaka mitano baadaye mjomba fulani ameliegemea na mgongo wa jasho akiuliza nyama inakuja saa ngapi.

"Nitakufa kwanza," Mama Gauni alimwambia, nikisikia.

Halafu akamwambia, "Kuja Ijumaa ya mwisho ya likizo."

Huyo ndiye Mama Gauni. Alikuwa na maneno mawili kwa kila kitu, na yote mawili alikuwa anayamaanisha.

Akaniita mimi. "Wewe si unakaa kwa hiyo simu kama kuku ameatamia? Kuja uniuzie hizi magauni huko kwa mtandao kabla huyu mwanaume alete makasi."

Nilikuwa nimefunga shule, niko kidato cha tatu, na kazi yangu nyumbani ilikuwa kuosha vyombo na kujifanya ninasoma. Nikakubali kabla hajamaliza sentensi.

Lazima niseme jambo kuhusu Mama Gauni na flashi. Alikuwa anaiamini flashi jinsi watu wengine wanavyoamini maombi ya kukesha. Harusi bila flashi, alisema, ni matanga. Kila nilipoinua simu alisimama nyuma yangu: "Umewasha? Iwashe! Nataka nione ikipiga." Mimi nilijua kidogo kwamba flashi na kitu cheupe havipatani, lakini nani atabishana na mtu mwenye pini saba mdomoni?

Picha ya kwanza ilikuwa ya gauni la lesi lenye mikono mirefu. Kwenye simu lilionekana kama mtu amemwaga maziwa ukutani. Lesi haikuwepo. Shanga hazikuwepo. Kulikuwa na weupe tu, wenye umbo la mtu asiye na dhambi wala kichwa. Nikaiweka hivyo hivyo kwenye kikundi cha kuuziana vitu, maana nilitaka kuona watu watasema nini. Sikungoja sana.

"Hii ni gauni ama ni moshi?"

"Aliyevaa alinyakuliwa ama?"

"Nikinunua, jini inakuja bure ama nalipia kando?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilimsomea yote, kwa sauti ya kila mmoja. Mama Gauni alitikisika mabega, pini zikatetemeka, kisha akatoa uamuzi wake. "Haijakuwa nyeupe vizuri. Ndiyo sababu hawaoni."

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo fundi wa nguo tu ndiye angeweza kulifanya. Alichukua magauni mawili akayafua kwa dawa ya kung'arisha, akayasuuza kwa bluu ya kufulia, akayaanika, akayapiga pasi. Magauni yakawa meupe kiasi cha kuumiza macho. Tulipoyapiga flashi, radi ya mwezi wa nne ni mchezo. Mtu mmoja kwenye kikundi aliandika, "Dada, punguza mwanga, nimeamsha mtoto."

Mimi nikajaribu ujanja wangu. Kwenye simu kuna sehemu ya kupunguza mwanga wa picha. Nikaishusha, nikaishusha. Gauni likaacha kuwa moshi likawa simiti. Rangi ya kijivu, laini, bila lesi bado. Ndipo nilipoelewa kitu ambacho sasa ninawafundisha watu bure kama mhubiri wa stendi: picha ikiungua, imeungua. Ile lesi haijajificha chini ya weupe ikikungoja uifunue. Simu haikuiona, basi haina mahali pa kuitoa. Kitu cha kufanya ni kupiga upya.

"Basi piga upya," akasema Mama Gauni. "Na flashi."

Tuliache hilo kwanza niwaambie mambo yake mengine, maana mtu anaweza kudhani alikuwa mgumu wa kichwa tu. Alikuwa mgumu wa kichwa na mambo mengine.

Kwa mfano, aliwavisha nusu ya wanawake wa mji huu na sikuwahi kumsikia akimuuliza hata mmoja kama ana furaha. Aliuliza swali moja tu, akishavuta zipu: "Unaweza kupumua?" Wakisema ndiyo, alisema, "Basi enda." Wakisita, alifungua mshono, hata kama magari yalikuwa yanapiga honi nje. Kuhusu waume alisema mume ni kama zipu ya mgongoni, ikikwama huwezi kujisaidia mwenyewe. Nilipomuuliza kama yeye aliwahi kuwa na zipu, alinirushia tepu ya kupimia. Ilinipata sikioni.

Hakuwa anasengenya. Alisema hivyo yeye mwenyewe, kila siku, kabla ya kuanza. "Mimi sisengenyi, lakini yule wa juzi nilimpima mara mbili, na mara ya pili kiuno kilikuwa kimesonga mbele kwa miezi minne." Angekwambia usoni kwamba umenenepa. Angemwambia mama mkwe kwamba rangi aliyochagua inamfanya afanane na ndizi. Ukweli kwake ulikuwa kama pasi, alikupitishia ukiwa moto. Kumbukeni hilo, maana mimi nilidhani namjua.

Kisha kuna ile aibu ya mimi kuolewa.

Alikuwa na sanamu ya kuvalisha magauni, haina kichwa, kiuno chake ni cha nyigu. Magauni mengine yaliilegea kama mahema. Basi nikayavaa mimi, yeye akapiga picha kwa simu yangu, kichwa changu kikikatwa. Mlango ulikuwa wazi. Watoto wawili walipita, wakaona, wakatoka mbio. Kufikia saa tisa, Munyaka nzima ilikuwa inajua kwamba nimetolewa shule niolewe. Mzee wa nyumba kumi akafika na kofia yake mkononi, uso wa matanga.

"Mama, tumesikia hapa kuna mtoto anaolewa."

"Nani?"

"Huyu."

Mama Gauni alinitazama kutoka juu mpaka chini. "Huyu? Nani atamchukua huyu? Chapati zake ziko na kona."

Mzee akanitazama pia. "Ni kweli, mtoto?"

"Kona nne, mzee."

Akavaa kofia akaenda zake. Mama yangu alipopata habari alitaka kujua jambo moja tu, kwamba ni nani aliyemwambia Mama Gauni kuhusu chapati.

Wiki mbili za likizo zilikwisha hivyo. Gauni moja tu lilikuwa limeenda, na lilinunuliwa na watu wa mchezo wa kuigiza waliotaka vazi la mzimu. Bwana Mapambo alipita na pikapu yake taratibu, dirisha limefunguliwa, akihesabu magauni kwa kidole. "Kumi bado ziko, Mama?" Mama Gauni alimfungia mlango. Baadaye nilimkuta amekaa mbele ya magauni, mikono mapajani, hashoni kitu. Sijawahi kuona mikono yake ikiwa haina kazi. Haikunipendeza.

Kilichotuokoa ni stima kupotea.

Ilikuwa asubuhi ya baridi, saa nne hivi, ile hali ya hewa yetu ya Agosti ambapo mawingu yamefunika kila kitu kama blanketi la kijivu na jua linaonekana kama sarafu iliyochakaa. Stima ilikuwa imepotea tangu jana yake. Simu yangu ilibaki na chaji kidogo sana, na simu yangu ikifika hapo inakataa kuwasha flashi. Inakuandikia tu kwamba haiwezekani.

"Hata simu imechoka na wewe," nikamwambia Mama Gauni. "Tupige bila."

"Itakuwa giza."

"Tufungue mlango."

Tukafungua mlango wote. Nikatundika blanketi la kahawia nyuma ya sanamu, maana gauni jeupe mbele ya ukuta mweupe ni kama kumtafuta mbuzi mweupe kwenye pamba. Nikaigeuza sanamu ili mwanga wa mlango uje kwa ubavu. Nikagusa kioo cha simu pale palipokuwa peupe zaidi, nikavuta kidole chini kidogo mpaka weupe ukatulia. Nikashikilia pumzi. Nikapiga.

Jamani. Lesi ilikuwepo! Maua madogo madogo, kila moja na kivuli chake. Shanga zilikuwa na mgongo na tumbo. Mikunjo ya kiunoni ilishuka kama maji. Nikapiga kelele, "Mama Gauni, kuja uone! Sasa hii ni gauni!"

Alikuja. Akachukua simu. Akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa sweta. Kisha akasema polepole, "Futa."

"Nini?"

"Futa hiyo picha."

"Mama Gauni, ni poa kuliko zote!"

"Angalia hapa." Kidole chake kilikuwa kwenye kwapa la gauni. Pale palikuwa na mshono uliorudiwa, uzi wa rangi tofauti kidogo. "Na hapa." Chini, kiraka cha lesi kilichotolewa kwenye gauni lingine. "Na hapa." Doa la kahawia, dogo kama punje ya mtama. "Unataka watu waone hii? Flashi inasamehe. Flashi haioni viraka. Unafikiri mimi sijui picha zinaungua? Miaka yote nimeangalia albamu za watu. Nilikuwa najua."

Mwanamke aliyewaambia watu ukweli usoni alikuwa anaficha magauni yake nyuma ya mwanga. Alikuwa anaona aibu. Aibu ya magauni, na aibu ya mikono yake mwenyewe, kwamba kazi yake ingeonekana kama kazi.

Lakini mimi ni mimi. Nikauliza, "Hapo kwapani kulifanyika nini?"

Akaguna. "Huyo alikuwa anakimbia mvua. Alikuwa ameshatoka kanisani, mvua ikaja, akasahau kwamba amevaa gauni akaruka mtaro kama mwanariadha."

"Na kiraka?"

"Ng'ombe."

"Ng'ombe?"

"Wa mahari. Alifikiri ni chumvi."

Alianza kucheka kabla yangu. Akanieleza gauni moja baada ya jingine, kila tundu na mwenyewe, nami nikilipiga picha kila moja pale mlangoni kwa chaji iliyobaki. Kiuno kilichoachiliwa usiku mmoja kabla ya harusi, akaambiwa asimwambie mtu, na hakumwambia mtu, ila mimi sasa. Doa la mursik, yale maziwa lala ya kibuyu, mtu alipokuwa ananyweshwa na shangazi mwenye furaha nyingi na mkono usiotulia. Mkia ulioshikwa na mlango wa gari na kuburutwa kutoka kanisani mpaka hotelini huku bibi harusi akiwapungia watu wanaomwonyesha kwa vidole.

Akaniambia tena nifute zote. Nikasema sawa.

Sikufuta. Niliweka picha za magauni yote kumi usiku huo stima iliporudi, za gauni zima na za viraka kwa karibu, mwanga ukija kwa ubavu ili kila mshono usimame wazi. Chini ya kila moja niliandika yaliyotokea, bila majina. "Limeraruka kwapani, mwenye nalo aliruka mtaro. Limeshonwa, linaruka tena." "Limeonjwa na ng'ombe. Kiraka ni imara kuliko ndoa nyingi."

Asubuhi simu yangu ilikuwa inatetemeka kama kuku mwenye homa.

"WOIYE! Huo mtaro ni mimi!"

"Hiyo ya ng'ombe ni ya dadangu! Naichukua, msimpe mtu!"

"Fundi bado yuko? Huyo mama alinishonea nikiwa nimesimama, harusi imeanza."

Walikuja wenyewe. Waliingia dukani wakitafuta tundu lao kwanza, wanalishika, wanapiga kelele, halafu ndio wanamkumbatia fundi. Yule wa mtaro alikuja na binti yake aliyenipita urefu, akamwonyesha kwapa kama mtu anayeonyesha cheti. Wengine hawakuwahi kulivaa gauni lolote la pale. Walitaka tu gauni ambalo wanajua limepitia wapi.

Mama Gauni aliponigeukia, nilikuwa tayari nimeupima umbali mpaka mlangoni.

"Nilikwambia ufute."

"Ndiyo, Mama."

"Na ukasema sawa."

"Ndiyo, Mama."

"Basi andika vizuri. Ng'ombe hakuonja. Alitafuna." Kuanzia siku hiyo akawa adui mkubwa wa flashi mjini Eldoret. Jirani akipiga picha ya sofa anayotaka kuuza, Mama Gauni alikuwa anafungua dirisha: "Zima hiyo kitu! Unachoma sofa!" Mtu akishindwa kabisa, kwake ni giza, alimwambia akunje karatasi ya shashi abandike juu ya flashi, mwanga utoke umelainika. Alisema kana kwamba alizaliwa akilijua hilo.

Ijumaa ya mwisho ikafika na gauni moja limebaki. Ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo lenye kovu baya zaidi: alama ya pasi kifuani, umbo zima la pasi, rangi ya chai. Hilo hakulichoma bibi harusi yeyote. Alilichoma mwenyewe Mama Gauni, alisinzia amesimama, msimu wa harusi nne kwa siku moja. Niliandika hivyo hivyo. Watu waliweka alama za kulia, lakini hakuna aliyekuja.

Bwana Mapambo alikuja. Aliingia na makasi na mkoba wa vitambaa vyake vya viti, ili alinganishe rangi. Akalitandaza gauni mezani. "Hii peke yake inanitosha viti sita," akasema. Mama Gauni alikuwa ameutazama ukuta.

"Hodi?"

Alikuwa mama mmoja wa kuuza kabichi kutoka Huruma, amevaa gambuti na sweta mbili, simu mkononi na picha ya alama ya pasi imefunguliwa. "Hii iko?"

"Iko," nikasema, nikilivuta kutoka chini ya makasi.

"Nimekaa na mzee wangu miaka kumi na tisa, watoto wanne, hatujawahi kuingia kanisani. Sasa pasta amesema sisi wote wa kukaa tu tufunge ndoa siku moja." Alipitisha kidole kwenye kovu la pasi. "Hizo zingine naogopa kuzichafua. Hii imeshachafuka. Tutaelewana."

Akalivaa juu ya sweta moja, na gambuti zake. Urefu ulimkaa. Mabega yalimkaa. Zipu ilifika katikati ya mgongo ikagoma, na ikabaki nafasi ya vidole vinne.

Kuliachia gauni kiuno unahitaji kitambaa cha kuongeza, na magauni yote ya kutolea viraka yalikuwa yameshaenda na wenyewe. Yule mama akaanza kulivua taratibu, akisema hakuna shida, ataenda na kitenge.

"Simama hapo," Mama Gauni akasema.

Akapiga magoti. Nilisikia magoti yenyewe yakilalamika. Akapima ubavu kwa vidole, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akachukua makasi ya Bwana Mapambo mezani. Kisha akaingiza mkono kwenye ule mkoba wa vitambaa vya viti, akatoa kimoja cheupe, akakielekeza kwenye mwanga wa mlango, akakilinganisha na gauni, akatikisa kichwa kukubali. Akakata.

"Mama!" Bwana Mapambo akaruka. "Hicho ni cha kiti!"

"Kilikuwa," akasema Mama Gauni, akitia uzi kwenye sindano. "Wewe shika mkia wa gauni, usiburute chini. Sasa kinaolewa."